DOA LA USONI: LIJUE KWANZA, NDIPO ULIFICHE

Hii ni hotuba ya mama mmoja mpambaji wa maharusi. Aliitoa kwa wanakijiji waliohitimu kisomo. Tumeichapa kama alivyoisema.

 

 Mimi si daktari. Kazi yangu ni kupamba maharusi. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 20. Nimezunguka vijijini na kikapu changu cha poda na brashi, kwa miguu, kwa baiskeli, na siku hizi kwa bodaboda. Nyuso nilizozishika ni nyingi, siwezi kuzihesabu.

Mwalimu aliponiita aliniambia, "Mama, waeleze watu namna ya kuficha madoa ya usoni." Nimekubali, nitawaeleza. Lakini nitaongeza jambo la pili, na hilo ni kubwa kuliko la kwanza. Nitawaeleza doa gani lifichwe, na doa gani lisifichwe kwanza.

Naona akina baba kule nyuma wanacheka. Wanasema, "Poda! Hayo ni mambo ya wanawake." Ngojeni, wazee wangu. Kabla sijakaa chini mtaona kwamba na ninyi mmo.

KUJIPAMBA SI JAMBO GENI

Wako watu wanaosema kwamba kujipaka usoni ni tabia ya kuiga. Si kweli. Kule Pwani na visiwani bibi zetu walisaga liwa juu ya jiwe, wakajipaka usoni. Wanja walipaka. Hina walipaka. 

Tena, si kila anayejipaka anatafuta kusifiwa uzuri. Yupo mtu aliyeungua moto utotoni. Kila akipita, watu wanamkodolea macho. Huyo hataki kuwa malkia. Anataka kwenda sokoni kuuza nyanya zake bila kuulizwa, "He! Usoni umefanya nini?"

Huko Marekani alikuwako mwanamke aliyeitwa Lydia O'Leary. Alizaliwa na doa kubwa jekundu usoni. Hakukaa kulia tu. Alitengeneza krimu nzito ya kulifunika doa lile, na mwaka 1932 serikali ya kwao ikampa hati ya kuilinda kazi yake. Kule Uingereza, chama cha Msalaba Mwekundu kilianza mwaka 1975 kuwafundisha watu kufunika makovu na madoa kwa krimu. Mwaka 2011 kazi hiyo ikachukuliwa na shirika liitwalo Changing Faces. Waliofundishwa walikuwa wanawake na wanaume pia. Akina baba, mmesikia? Moto hauchagui, unamwunguza mwanamume na mwanamke.

Basi kuficha doa si dhambi, wala si upuuzi. Lakini sikilizeni habari hii.

HABARI YA BIBI HARUSI

Siku moja, ilikuwa Alhamisi jioni, aliletwa kwangu binti mmoja. Jina lake silitaji. Alikuja na shangazi yake. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Binti alikuwa na doa kwenye shavu la kushoto. Lilikuwa limepauka kuliko ngozi yake, na kingo zake zimeinuka kidogo. Ukubwa wake ulikuwa kama kifuniko cha chupa ya soda, au zaidi kidogo.

Shangazi akaniambia, "Tumepaka ndimu, tumepaka majivu, halitoki. Jumamosi wakwe wanakuja. Wewe lifiche tu. Nitakulipa mara mbili."

Nikachukua brashi yangu ndogo, nikaanza kazi. Sasa, brashi ile ina nywele laini sana. Ikimgusa mtu shavuni, humtekenya. Mwingine hucheka, mwingine hukunja uso. Binti huyu alitulia kama jiwe. Nikaona ajabu.

Nikamwambia, "Mwanangu, hebu funga macho. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Nikamgusa paji la uso. "Ndiyo." Nikamgusa kidevu. "Ndiyo." Nikamgusa shavu la kulia. "Ndiyo." Nikamgusa juu ya doa. Kimya. Nikamgusa tena. Kimya. Mara ya tatu, kimya. Kisha akasema, "Mama, mbona umeacha kunigusa?"

Na brashi wakati huo ilikuwa juu ya doa!

Nikaiweka brashi chini. Mganga wa zahanati yetu aliwahi kutufundisha mkutanoni kwamba doa lililopauka, tena lisilo na hisia, laweza kuwa dalili ya ukoma.

Shangazi aliona uso wangu umebadilika. Akaniambia kwa hasira, "Sisi tumekuja kwa poda, hatukuja kwa uganga. Pokea fedha, paka, nyamaza."

Ndugu zangu, sitawadanganya. Fedha ile niliihitaji. Mwanangu alikuwa anasubiri sare ya shule. Nikasema moyoni, "Mimi si daktari. Hili halinihusu. Nipake, waende zao." Nikaishika brashi tena.

Binti akafumbua macho, akaniuliza, "Mama, kuna nini?"

Nikashindwa kumdanganya. Nikamwambia, "Sijui kwa hakika. Lakini doa hili lisifichwe kabla mganga hajaliona."

Usiku ule shangazi aliondoka bila kuniaga. Lakini asubuhi ya Ijumaa binti alikuja peke yake. Tukaenda zahanati. Kutoka hapo tukatumwa hospitali ya wilaya. Ndiyo, ulikuwa ukoma. Lakini ulikuwa mwanzoni kabisa. Vidole vyake vilikuwa vizima, macho yake mazima, miguu yake mizima.

Baba yake alifanya jambo la kiume. Alikwenda mwenyewe kwa wakwe akawaeleza. Harusi ikasogezwa mbele. Kijana naye akaja kwa mganga, akauliza, "Je, nikimwoa nitaugua?" Mganga akamjibu, "Mgonjwa akishaanza kumeza dawa, haambukizi tena. Wewe pia tutakupima. Kazi yako ni kumkumbusha ameze dawa mpaka zitakapokwisha."

Wakaoana baada ya wiki tatu. Mama mkwe hakufurahi. Kwa muda mrefu alimtengea binti yule kikombe chake na sahani yake. Nalisema hili kwa sababu sitaki mdhani kwamba mambo yote yaliisha kwa vigelegele. Lakini binti alimaliza dawa zake, akapona. Leo ana watoto, na mama mkwe anakula chakula anachopika yeye.

Mtaniuliza, "Je, siku ya harusi doa ulilificha?" Nililificha! Doa la ukoma halitoki siku moja. Nililificha vizuri mpaka picha zikapendeza. Lakini siku hiyo hapakuwa na uongo, maana wote waliohusika walijua. Alhamisi ile, ningekuwa nimeficha ugonjwa. Siku ya harusi nilificha doa tu. Hapo ndipo penye tofauti.

Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

MADOA YA KUPELEKA ZAHANATI KWANZA

Basi shikeni haya. Usipake kitu juu ya doa kabla ya kuonana na mganga, ikiwa doa ni la namna hii:

1. Doa lililopauka au jekundu, ambalo ukiligusa husikii. Laweza kuwa ukoma. Dawa za ukoma hutolewa bure. Mwenye mabaka machache humeza kwa miezi 6, mwenye mengi miezi 12. Ukichelewa, mishipa ya fahamu huharibika, na vidole hulemaa.

2. Kidonda kisichopona, au doa linalokua, linalotoka damu, au linalobadilika rangi. Laweza kuwa saratani ya ngozi. Ndugu zetu wenye ualbino wajihadhari zaidi, maana jua huwaumiza sana. Wavae kofia pana na nguo za mikono mirefu, na waende kupimwa ngozi mara kwa mara.

3. Doa la mviringo linalowasha, lenye magamba pembeni. Mara nyingi huwa ni choa. Choa kina dawa. Ukikipaka poda kwa brashi, utakisambaza uso mzima.

4. Kidonda kibichi, jipu, au malengelenge. Usipake kipodozi juu ya ngozi iliyo wazi.

Chunusi za kawaida, makovu yaliyokauka, alama za kuungua zilizopona, na mbalanga, hayo unaweza kuyaficha. Mbalanga haiambukizi. Wengine hawaifichi kabisa, wanatembea nayo kifua mbele. Nao wana haki yao.

MKOROGO HAUFICHI, UNAHARIBU

Sasa nije kwenye adui mkubwa. Wengi wetu tukiona doa jeusi, hatulifichi. Tunataka kulichubua. Tunanunua mkorogo.

Na mimi niliwahi. Nikiwa kijana nilipaka mkorogo miezi mingi. Mwanzoni nilitakata, watu wakanisifu. Kisha jua likaanza kunichoma kama pilipili. Mashavu yakawa meusi kuliko nilivyozaliwa. Tazameni hapa chini ya macho. Alama hizi za mkorogo bado ninazo, na kila asubuhi nazifunika kwa brashi. Nalipa deni la ujinga wangu.

Ndani ya mkorogo huwamo vitu vya hatari. Cha kwanza ni zebaki. Zebaki hupenya kwenye ngozi, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mjamzito akiipaka, humfikia mtoto tumboni. Cha pili ni haidrokwinoni. Ukiipaka muda mrefu, ngozi inaweza kuwa na weusi wenye ubuluu ambao hautoki kwa urahisi. Cha tatu ni dawa kali za ngozi ambazo zilitengenezwa kwa wagonjwa. Mtu akizipaka ovyo ngozi huwa nyembamba kama karatasi, na hata kidonda kidogo huchelewa kupona.

Hapa Tanzania vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ni ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini mkaguzi hawezi kukaa katika kila duka la kijiji. Mkaguzi wa kwanza ni wewe mnunuzi.

Na ninyi mnajua kusoma! Kisomo mlichopata si cha kusomea barua tu. Chukua kopo, ligeuze, soma herufi ndogo. Ukiona limeandikwa Mercury, hiyo ni zebaki. Ukiona Hydroquinone, hiyo ni haidrokwinoni. Rudisha kopo, ondoka. Ukiona herufi EXP, tazama tarehe iliyo mbele yake. Ndiyo siku ya mwisho ya kukitumia kipodozi hicho. Na kopo lisilo na maandishi kabisa, usilinunue hata likiwa rahisi namna gani. Asiyetaka kusomwa ana lake.

VIFAA VYA KAZI

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Vifaa si vingi.

Kwanza, krimu nzito ya kufichia madoa. Wauzaji huiita konsila. Iwe ya rangi ya ngozi yako. Usiende kuichagua chini ya taa ya dukani. Pakaza kidogo kwenye taya, toka nje, jitazame kwenye kioo mchana. Ikipotea kwenye ngozi, hiyo ndiyo yako. Ikionekana nyeupe kama unga, iache.

Pili, poda ya rangi hiyo hiyo.

Tatu, brashi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatumia kidole kwa kila kitu. Kidole kinafaa kupashia krimu joto, lakini ni kinene. Kinafunika doa na pembeni pia, na krimu inakuwa kama plasta ya ukuta. Zinatosha brashi 3:

Brashi ndogo yenye ncha. Hii ni ya kuweka krimu juu ya doa lenyewe. Kama huipati, nunua brashi mpya ya kuchorea picha, ile ya nywele laini, uioshe kwanza.

Brashi bapa ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Hii ni ya kulainisha kingo, ili mwanzo na mwisho wa krimu usionekane. Kwa krimu, nywele za plastiki ni nzuri kwa sababu hazinywi krimu nyingi.

Brashi pana, nene, laini. Hii ni ya kupangusa poda.

NAMNA YA KUFICHA DOA

1. Nawa mikono. Nawa uso kwa sabuni na maji safi. Jifute kwa kitambaa chako mwenyewe. Usisugue.

2. Paka mafuta kidogo sana, ngoja dakika 5. Ngozi kavu hufanya krimu ipasuke kama tope la kiangazi. Ngozi yenye mafuta mengi huifanya iteleze.

3. Kama doa ni jeusi sana, usikimbilie krimu ya rangi ya ngozi. Ukifanya hivyo doa litakuwa la kijivu, kama majivu. Kwanza weka utando mwembamba wa krimu ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo inaua ule ukijivu. Kisha juu yake weka krimu ya rangi ya ngozi. Kama doa ni jeupe, yaani mbalanga, huna haja ya rangi ya chungwa. Weka krimu ya rangi ya ngozi moja kwa moja.

4. Chukua krimu kidogo kwa brashi ndogo. Anza katikati ya doa, nenda pembeni. Gusagusa, usiburute. Ukiburuta unaiondoa ile uliyoweka.

5. Kwa brashi bapa, gusagusa kingo mpaka mpaka upotee. Simama mbali na kioo hatua mbili, tazama. Kama bado doa linaonekana, ongeza utando mwingine mwembamba. Tando mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene.

6. Bandika poda kwa kugandamiza taratibu. Ngoja dakika chache. Kisha pangusa iliyozidi kwa brashi pana.

Nisiwadanganye. Rangi huficha rangi, haifichi mwinuko. Kovu lililovimba litaonekana bado, hasa mwanga ukitoka upande. Lakini weusi au wekundu wake utapungua, na macho ya watu hayatakwama pale.

Jioni, kabla ya kulala, ondoa vyote kwa mafuta kidogo na kitambaa laini, kisha nawa. Usilale na vipodozi usoni. Vitaziba ngozi na kukuletea chunusi. Kesho utakuwa na madoa mapya ya kuficha.

BRASHI SI KATA YA MTUNGINI

Neno langu la mwisho ni usafi. Kata ya mtungini tunatumia wote. Brashi, hapana. Brashi ya usoni ni kama mswaki. Kila mtu na yake.

Vidudu vinavyoleta majipu na malengelenge ya mdomoni vinaweza kupita kwenye brashi. Vidudu vya ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, hupita kwa mikono, kwa nguo za kujifutia na kwa nzi. Trakoma hupofusha. Kwa hiyo kijiti cha wanja msiazimane kabisa. Na tena, wanja wa zamani wa mawe waweza kuwa na madini ya risasi. Msiwapake watoto wachanga.

Osha brashi zako kila wiki. Kama wewe ni mpambaji, osha kila baada ya mtu mmoja. Tumia sabuni isiyo kali na maji ya vuguvugu. Nywele zielekee chini, ili maji yasiingie kwenye mpini, maana gundi italegea na nywele zitang'oka. Kamua taratibu, zinyooshe, uilaze brashi kivulini juu ya kitambaa safi. Usiitumie kabla haijakauka.

Ndugu zangu, nimesema mengi. Yashikeni machache. Doa liguse kabla ya kulipaka. Kopo lisome kabla ya kulinunua. Brashi ioshe kabla ya kuitumia. Na akina baba, binti yako au mke wako akikuambia, "Hapa sisikii," usimwambie ajipake poda. Mpeleke zahanati, hata kama mahari imekwisha kuliwa.

Brashi yangu ile ndogo bado ninayo. Imebaki nywele chache, haifai tena kupambia. Lakini siitupi. Kila bibi harusi akija, namwambia kwanza afumbe macho.



TUJADILI

1. Kwa nini mpambaji aliiweka brashi chini?
2. Je, shangazi alikosea? Wewe ungefanyaje?
3. Leta kopo moja la mafuta au krimu kutoka nyumbani. Someni pamoja maandishi yake.
4. Katika kijiji chetu, mtu mwenye doa la ukoma tunampokeaje?